PROJEKTA AU TV? KABLA HUJATOA HELA, JIULIZE NANI ANABAKI NYUMBANI MCHANA

Ukiingia TikTok au Insta siku hizi, dakika kumi haziishi hujakutana na ile video. Geto safi, taa za zambarau kwenye kona, ukuta mzima umegeuka sinema, na mwenye geto kajilaza na bakuli lake la bisi. Chini yake watu wanaulizana bei. Projekta imeshakuwa alama ya kuishi fresh, na TV ya ukutani imeanza kuonekana kitu cha wazazi.

Kuna kitu kimoja tu zile video hazisemi. Karibu zote zimerekodiwa usiku. Ni nadra uone iliyorekodiwa saa 7 mchana, dirisha liko wazi, mtu anamenya viazi huku anafuatilia taarifa ya habari. Na maisha ya nyumba nyingi mjini, sehemu kubwa ni hiyo ya saa 7 mchana.

Hapo ndipo waliponasa wanandoa wawili wa Tabata, ambao kwa karibu mwezi mzima walinuniana kwa sababu ya kitu ambacho hata walikuwa hawajakinunua.

KIBUBU CHA LAKI TISA

Jamaa ana miaka 28, ni fundi simu Kariakoo. Mkewe ana miaka 25, anauza kwenye duka la dawa, na anafanya kazi kwa zamu. Siku nyingine anaingia asubuhi, siku nyingine anaingia mchana na kurudi usiku. Wamepanga chumba na sebule. Sebule yenyewe ni mita tatu kwa tatu na kidogo, ina dirisha moja kubwa linaloangalia upande jua linakozama.

TV yao ya kwanza ilikuwa inchi 24, ya enzi za ubachela wa jamaa. Siku moja umeme ulikatika, uliporudi ukarudi kwa kishindo, TV ikatoa harufu ya kuungua na ndiyo ikawa kwaheri. Hawakuwa na stabilaiza. Wakaona wasinunue nyingine kwa pupa, bora wajipange wapate kitu cha maana. Wakaweka kibubu. Miezi minane baadaye wakakivunja, ikatoka shilingi 900,000.

Mdada alijua kabisa kwamba laki tano na kitu kwenye ile hela ni jasho lake, maana alikuwa anaandika kwenye daftari kila anapotumbukiza. Jamaa naye alijua kwamba mwenzake anajua. Ndiyo maana hakuna aliyethubutu kwenda dukani peke yake.

Mdada alitaka TV ya inchi 43, basi. Jamaa alitaka projekta. Kazini kwake anaziona kila siku zikipita mikononi mwa watu, na hesabu zake alikuwa nazo kichwani. TV ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95 hivi. Picha ya inchi 100 kutoka kwenye projekta ina upana wa mita 2.2 na urefu wa mita 1.25. Yaani ukuta wote wa sebule yao.

"Mke wangu, kwa hela ya TV moja tunachukua projekta, tunachukua sabufa, na chenji inabaki," alimwambia.

"Chenji inabaki ya nini? Ya kununua giza?" mkewe akamjibu.

Jamaa alicheka, lakini hakuelewa. Alikuja kuelewa baadaye.

MAMA AKAJA

Katikati ya huo mvutano, mama mzazi wa mdada akaletwa kutoka Korogwe. Alikuwa amepata kiharusi. Mungu alisaidia akapona, ila upande wa kulia ukabaki dhaifu. Mguu anauvuta, mkono hauna nguvu ya kushika kikombe. Ikabidi akae Dar kwa mtoto wake ili iwe rahisi kwenda kliniki ya mazoezi mara mbili kwa wiki.

Kwa hiyo ratiba ya nyumba ikabadilika. Asubuhi jamaa anaondoka Kariakoo. Mdada anaondoka kazini. Binti wa jirani anakuja mara mbili kwa siku kumsaidia mama kula na kwenda msalani. Muda mwingine wote mama yupo sebuleni, kwenye kochi, peke yake, anaangalia ukuta mweupe ambao wanandoa wanaugombania.

Huyu ni mama ambaye alishazoea watu. Kule kwake alikuwa na genge la nyanya na vitunguu, kutwa nzima anasalimiana na wapita njia. Jioni anaingia kwa jirani mwenye TV kuangalia tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Wahusika anawajua wote, nani kamsaliti nani, nani ana mimba ya nani. Alipofika Tabata, kitu cha kwanza kumuuliza mwanawe, tena kwa sauti ya chini, kilikuwa, "Kwani nyie hapa hamna televisheni?"

Mdada akajibu kwamba wako mbioni kununua. Mama akasema sawa. Hakuuliza tena.

SIKU MBILI ZA MAJARIBIO

Ili kumaliza ubishi, jamaa akamwomba rafiki yake wa Kariakoo amwazime projekta wikiendi moja. Ni zile ndogo za mviringo zenye mguu wa kugeuza, ambazo kwenye boksi zimeandikwa lumeni elfu kadhaa na maneno kwamba inasapoti 4K. Akaileta Jumamosi jioni kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Haki ya Mungu, usiku ule ulikuwa mtamu. Taa zikazimwa, ukuta ukawaka. Watoto wa wapangaji wenzao wakajazana mlangoni, wakaambiwa waingie wakae chini. Ikawekwa katuni, baadaye muvi. Sauti ya projekta yenyewe ilikuwa ndogo na feni yake inavuma kama nyuki, lakini jamaa akaunganisha spika ya blututhi, mambo yakanoga. Hata mdada, ambaye alikuwa amejiandaa kutafuta kasoro, alikiri kwamba kwa miaka miwili ya ndoa hawajawahi kukaa pamoja usiku kucheka vile. Mama naye alicheka mpaka akapaliwa.

Jamaa alilala akijua kashinda.

Kesho yake ilikuwa mechi ya watani, Simba na Yanga, saa 11 jioni. Jamaa akaalika washkaji watano. Soda zikanunuliwa, karanga zikamwagwa kwenye sinia. Mdada alikuwa zamu ya mchana, hakuwepo.

Saa 11 kasoro wakawasha. Jua la Dar muda huo bado liko macho, na dirisha linaangalia magharibi. Ukutani kukawa na kitu kama ukungu. Kelele za uwanja zinasikika vizuri, mtangazaji anasikika vizuri, ila mpira hauonekani. Nyekundu ya Simba na kijani cha Yanga zote zimekuwa rangi ya maji ya mchele. Mshkaji mmoja akauliza, "Sasa wewe tumekuja kusikiliza redio?"

Wakafunga pazia. Pazia jepesi, halikusaidia kitu. Wakatundika khanga mbili. Bado. Likaletwa blanketi likapigiliwa misumari juu ya dirisha, mlango ukafungwa. Hapo picha ikaanza kuonekana, ila sasa watu saba mko ndani ya chumba kidogo, dirisha limezibwa, feni ni moja. Kila anayenyanyuka kufuata soda anakata picha kwa kichwa chake, na uwanja mzima unaonekana mgongoni mwake. Mpaka mapumziko mashati yalikuwa yameloa.

Mapumziko yalipofika hakuna aliyeaga rasmi. Walinyanyuka mmoja mmoja, wakahamia banda umiza la mtaa wa pili, kwenye TV kubwa. Jamaa naye akafuata nyuma. Kipindi cha pili kimeshaanza, presha iko juu, nani ana muda wa kufikiria?

Mdada alirudi saa 2 usiku. Akakuta mlango umerudishwa, ndani giza totoro, blanketi bado liko dirishani, joto kama tanuri. Akawasha taa. Mama yake yupo pale pale kwenye kochi, kanga imeloa jasho, mkono mzima umeushika mkono mbovu. Binti wa jirani alipita jioni, akaona mlango umefungwa na kelele za wanaume, akajua wapo, akarudi zake.

"Mama! Mbona umekaa gizani?"

"Nimeshindwa kufika kwenye swichi, mwanangu. Nikasema nisiwasumbue, mpira wao haujaisha."

Jamaa aliporudi hakukuta ugomvi, na hilo lilimtisha kuliko ugomvi wenyewe. Mkewe alikuwa anamkanda mama yake mguu kwa maji ya uvuguvugu. Hakumwambia kitu. Alimwonyesha tu blanketi kwa macho. Jamaa akachukua koleo, akaanza kung'oa misumari.

KWA NINI ILISHINDWA MCHANA

Wengi wakisikia kisa kama hiki wanasema jamaa aliuziwa feki. Hapana. Kifaa kilikuwa kinafanya kazi yake vizuri tu. Shida ni namna projekta yenyewe inavyofanya kazi.

TV inatoa mwanga wake yenyewe, unakuja moja kwa moja machoni. Projekta inarusha mwanga ukutani, halafu ukuta ndiyo unakurudishia. Sasa jiulize, projekta inachoraje rangi nyeusi? Haiwezi. Hakuna taa ya kurusha weusi. Sehemu nyeusi ya picha ni pale ambapo haikurusha kitu, kwa hiyo unachokiona ni ukuta wako wenyewe. Kama ukuta umepigwa na jua, basi weusi wako ni ukuta uliopigwa na jua. Picha nzima inapauka.

Dawa yake ni mwanga mkali zaidi, na hapa ndipo watu wanapopigwa. Kipimo cha mwanga ni lumeni, ila kuna lumeni na lumeni. Ile namba ya maelfu kwenye boksi la projekta ya bei chee mara nyingi ni ya tangazo. Kipimo cha kuamini kinaitwa ANSI, ambapo mwanga unapimwa pale picha inapotua, kwenye sehemu tisa, halafu inatafutwa wastani. Nyingi kati ya hizi ndogo, kwa kipimo hicho, hazifiki hata 300. Kwenye giza inatosha kabisa. Sebule yenye mwanga wa kawaida inataka 2,000 hadi 3,000 na kuendelea, na projekta ya namna hiyo ikiwa mpya, bei yake sio ile uliyoiona TikTok.

Hayo maneno ya kusapoti 4K nayo yasikuchanganye. Maana yake ni kwamba inaweza kupokea video ya 4K, sio kwamba itakuonyesha 4K. Muulize muuzaji ubora halisi wa picha inayotoka ni ngapi. Akianza kuzunguka, jua kuna jambo.

Na hili la giza sio geni hapa mjini. Wazee wa Dar wanakumbuka sinema ya magari ya Msasani, ile Drive-In iliyofunguliwa 1966, pale ambapo leo kuna ubalozi wa Marekani. Watu walikuwa wanaenda na magari, watoto na chakula cha kutoka nyumbani, wanaegesha mbele ya skrini kubwa ya wazi. Lakini pamoja na ukubwa wote ule, ilibidi jua lizame kwanza ndiyo picha ianze. Kama sinema nzima ilisubiri usiku, kidude cha laki moja na kitu kitashindanaje na jua la saa 11?

HESABU ZISIZOONEKANA KWENYE VIDEO

Kuna vitu vingine jamaa aliviona zile siku mbili, ambavyo yeyote anayetaka kununua inabidi avijue.

Kwanza umbali. Projekta nyingi za kawaida zinataka mita 2.7 hadi 3 ili zitoe picha ya inchi 100. Kwenye sebule ya mita tatu maana yake inakaa ukuta wa nyuma, juu ya vichwa vya watu, na waya wa umeme unapita katikati ya nyumba. Zipo zinazokaa karibu na ukuta, ila hizo ni hela nyingine.

Pili king'amuzi. TV nyingi za sasa zina king'amuzi ndani yake, unachomeka antena ya kawaida unapata chaneli za bure. Projekta ndogo nyingi hazina. Utahitaji king'amuzi cha pembeni, waya wa HDMI na spika, na kila kimoja kina swichi yake.

Tatu hizi programu za kulipia. Netflix kwa mfano wana masharti yao ya vifaa. Kwenye projekta nyingi za bei chee haifunguki vizuri, na ukijaribu kurusha kutoka kwenye simu unaweza kusikia sauti huku picha ni nyeusi. Watu wanadhani mbovu, kumbe ndiyo masharti yenyewe.

Nne umeme. TV ya inchi 43 ya siku hizi inakula kama wati 80 hivi. Ukiiwasha saa 10 kwa siku, ni uniti 0.8 kwenye LUKU. Projekta ndogo za LED nazo ziko karibu na hapo. Ila zile kubwa za taa za kizamani, zinazouzwa zikiwa zimetumika maofisini, zinaweza kufika wati 250, na kwa saa hizo hizo 10 ni uniti 2.5. Taa yake nayo inakufa. Nyingi zinadumu saa 3,000 mpaka 5,000. Chukua saa 4,000, ukiiwasha saa 10 kila siku ni siku 400 tu, unatafuta taa nyingine. Za LED hutajwa kudumu saa 20,000 na zaidi, hiyo ni zaidi ya miaka mitano kwa matumizi hayo hayo.

Na la tano ndilo zito kuliko yote, ila ndilo halisemwi. Nani anaweza kuiwasha? Ile projekta kila ukiiwasha unarekebisha picha isiwe na ukungu, unanyoosha pembe, unawasha king'amuzi, unaunganisha spika. Fundi simu kwake ni dakika mbili. Kwa mama mwenye mkono mmoja ni kitu kisichowezekana. TV ina kitufe kimoja.

MAAMUZI

Jumatatu jamaa alirudisha projekta ya watu. Jioni akamwambia mkewe waende wote Jumamosi wakachukue TV. Lakini mama akawasikia, akaingilia.

"Baba, msinunue kitu kwa ajili yangu. Mimi mgonjwa, nikipata nafuu narudi kwangu. Nunueni mnachokitaka nyie, ndiyo mtakaobaki nacho."

Jamaa hakuwa na la kusema. Mkwe wako akikuita baba na kukuachia uamuzi, hapo ndipo unapoona aibu yote. Mdada ndiye alijibu, "Mama, hiki sio cha kwako peke yako. Mimi nikiwa zamu ya mchana, asubuhi yote niko hapa. Nami naangalia ukuta huo huo."

Hilo jamaa hakuwa amewahi kulifikiria. Kwa muda wote wa ubishi, alikuwa anahesabu nyumba kwa saa anazokuwepo yeye, saa 2 usiku kuendelea. Kwa saa zake, projekta ilikuwa sahihi kabisa. Mkewe alikuwa anahesabu nyumba kwa saa zote 24.

Jumamosi wakaenda Kariakoo. TV ya inchi 43 waliipata kwa 640,000 baada ya kuvutana na muuzaji. Stabilaiza 45,000, wakatia na kishikio cha ukutani na fundi wa kutoboa, 35,000. Ikabaki 180,000.

Jamaa akaitazama ile 180,000 kwa jicho la huruma, maana ilikuwa inatosha kabisa kununua kile kiprojekta. Akajaribu bahati yake. Mdada akamwambia polepole kwamba bajaji ya kumpeleka mama kliniki na kumrudisha ni 14,000, mara mbili kwa wiki. Jamaa akapiga hesabu, ikaja wiki sita na chenji kidogo. Akanyamaza. Roho ilimuuma, na haina haja ya kudanganya kwamba haikumuuma. Mpaka leo ikipita video ya projekta kwenye simu yake anaitazama mpaka mwisho.

Ila kuna kitu amekizoea. Siku akiwahi kurudi anamkuta mama mkwe na rimoti mkono wa kushoto, anabadilisha chaneli mwenyewe, anamsimulia kilichotokea kwenye tamthilia tangu mchana. Wiki ya kwanza rimoti ilikuwa inamdondoka kila mara. Sasa hivi hata sauti anapunguza mwenyewe simu ikiita. Na kibubu kipya kimeshawekwa, safari hii jamaa naye ana daftari lake.

SIO KILA MTU WA TV

Isije ikaonekana projekta ni upuuzi. Kuna mdada mwingine, huyu anapamba maharusi, amepanga chumba kimoja Kijitonyama, anaishi peke yake. Mwaka mmoja alihama mara mbili. Uhamisho wa kwanza TV yake ilipasukia kwenye Kirikuu, katikati ya godoro na kabati. Akaapa hanunui kioo tena.

Akachukua projekta iliyotumika ofisini, yenye lumeni 3,000 za ANSI, baada ya kuijaribu mbele ya muuzaji na kuuliza taa imeshatumika saa ngapi. Huyu anatoka asubuhi, anarudi saa 2 usiku, anaangalia tamthilia zake saa mbili, analala. Mchana hakuna mtu. Kwa saa mbili kwa siku, ile taa ya saa 4,000 inampeleka zaidi ya miaka mitano, na umeme wake ni nusu uniti. Akihama anaitia kwenye begi la mgongoni. Ijumaa mojamoja anatundika shuka jeupe uani, watoto wa nyumba nzima wanaletewa katuni, na mama zao wanamletea sahani ya pilau. Hatozi hela, maana ukianza kutoza kiingilio hiyo tayari ni biashara na ina vibali vyake.

Mpenzi wa mpira naye aangalie saa zake. Kama wewe ni wa Ligi ya Mabingwa Ulaya, mechi kubwa kwa huku zinaanza saa 4 au saa 5 usiku, projekta itakufurahisha. Kama wewe ni wa ligi ya nyumbani, mechi nyingi zinachezwa jua likiwa juu, tafuta TV.

KWA HIYO UNAPOTAKA KUNUNUA

Usianze na inchi. Chukua karatasi, andika saa za siku, andika kila saa nani yupo nyumbani na anafanya nini. Kama karatasi inaonyesha watu kuanzia jioni tu, na chumba kinaweza kuwa giza bila mtu kupata shida, projekta ni halali yako. Kama kuna mtoto, mzee, mgonjwa, dada wa kazi au mwenzi anayeshinda ndani, nunua kitu ambacho huyo mtu anaweza kukiwasha mwenyewe saa 4 asubuhi bila kumpigia mtu simu.

Na ukifika dukani, usikubali kuonyeshwa kwenye kile chumba cha nyuma chenye pazia zito. Mwambie muuzaji aiwashe hapo mbele, kwenye mwanga, kama wa sebuleni kwako. Akikujibu "ngoja kwanza nizime taa," umeshapata jibu lako.

Haya, kwako mchana anabaki nani?